Kichocheo cha Manyoya ya Kuku

9 Januari

Mdogo wangu Profesa,

Salamu za nyumbani. Mama hajambo. Goti la kushoto ndilo linalomsumbua asubuhi, likipata joto linatulia, naye akitulia tu anaanza kuuliza habari zako. Wifi yako anakusalimu. Watoto wanakusalimu, mkubwa amefaulu, wa pili amefaulishwa, na tofauti hiyo nimemweleza vizuri. Mimi mzima.

Sasa tuje kwenye jambo. Afisa afya alikuja machinjioni wiki iliyopita. Hakuangalia visu, hakuangalia majokofu, hakuangalia sakafu niliyoiwekea vigae vipya. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jengo, akasimama mbele ya lundo la manyoya, akaziba pua. Nikamwambia, "Mkubwa, kuku hawazaliwi uchi." Hakucheka. Akasema manyoya ni taka, na taka lazima iwe na pa kwenda panapotambulika.

Sina. Jalala la mji limeyakataa kwa sababu yanapeperuka hadi kwenye nyumba za watu. Kuyachoma ni marufuku, harufu. Kuyafukia ni marufuku, visima. Yule mtu wa mbolea huyachukua, anayapika na kuyasaga kwa ajili ya mashamba, lakini hana kibali wala hataki kusikia habari ya kibali, kwa hiyo ofisini hahesabiki. Tunachinja kuku mia tisa kwa siku, na kila kuku anaacha gramu mia na hamsini za manyoya mabichi. Wewe ndiye msomi, piga hesabu. Mimi nimeshapiga: kilo mia na thelathini na tano kila jua likizama.

Nimepewa hadi mwisho wa Machi. Manyoya yasipopata pa kwenda, machinjio yanafungwa.

Kwenye simu ulisema yale manyoya niliyokufungia kwenye sanduku yamefanya maajabu maabara. Halafu simu ikakatika, kama kawaida. Nataka uyaandike maajabu hayo kwenye karatasi ya chuo, na muhuri juu yake. Afisa haamini simu. Hata mimi siziamini.

Sikuombi msaada, sijawahi kuomba. Machinjio haya niliyaanza na beseni moja na kisu cha kuazima. Na ile picha ya mahafali yako aliyoitundika mama sebuleni, mimi simo kwa kuwa ndiye niliyeipiga. Silalamiki. Naeleza tu nilipokuwa.

Kaka yako


30 Januari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mama goti alipake dawa niliyomtumia, asimgawie jirani. Mimi sijambo. Chumba changu kinatazamana na ukuta wa maegesho ya magari, lakini kuna joto, na nimepata jiko la umeme lenye plate mbili, moja inayofanya kazi.

Maajabu ni haya, nami nitayaeleza ili hata afisa ayaelewe. Maji ukiyapitishia umeme yanagawanyika: haidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Haidrojeni ni kuni safi, ukiichoma inarudi kuwa maji. Tatizo, maji ni mabishi. Bila kichocheo yanakula umeme mwingi bure. Kichocheo ni kama dalali mzuri: anawakutanisha wenye kuuza na wenye kununua, biashara inakwenda haraka, na yeye mwenyewe habaki ndani ya mali.

Dalali hodari kuliko wote kwa kazi hii ni platini. Lakini platini ni metali ya kutengenezea pete, si ya kujengea viwanda. Kwa hiyo watu wengi, mimi mmoja wao, tunatafuta kichocheo kisicho na metali kabisa. Kaboni tupu, yaani mkaa, haiwezi. Ila ukiipandikiza chembe za naitrojeni katikati yake, inabadilika tabia. Wenzangu wananunua kemikali ili kuipandikiza. Manyoya ya kuku yanayo naitrojeni tayari, na salfa ya nyongeza! Ninayachoma bila hewa kwenye tanuri la bomba, yanatoka unga mweusi, ninaupaka kwenye elektrodi, yaani kijiti cha kupitishia umeme, ninaitumbukiza kwenye asidi na kupitisha umeme.

Mwanzoni unga wako ulidai milivolti mia tatu za ziada ili kutoa haidrojeni. Nikauacha uendelee kufanya kazi. Siku chache baadaye ulidai sabini tu. Platini yenyewe ni kama thelathini. Na bado unashuka, kaka: kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyoimarika. Msimamizi wangu, ambaye sifa humtoka kama jino, alitazama mchoro akasema, "Si mbaya." Tunaandika makala.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua ya maabara. Inasema manyoya yako ni malighafi ya kichocheo kisicho na metali. Nimetia sahihi mimi, na yeye chini yangu.

Niletee mengine. Meupe, yaliyooshwa.

Mdogo wako


2 Machi

Profesa,

Marahaba. Mama anapaka dawa, na jirani anapaka pia, usiniulize. Wifi yako ana mafua.

Afisa ameisoma barua yako mara mbili. Akaniuliza naitrojeni ni nini. Nikamwambia ni kitu cha hewani kilichoingia mkaani kikakataa kutoka. Akaandika. Nikamweleza kwamba kichocheo hiki kinaimarika kadiri kinavyofanya kazi, tofauti na wafanyakazi wangu, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Amefuta neno "taka" kwenye faili langu na kuandika "malighafi". Kibali kimetoka hadi mwisho wa Julai. Mwezi huo atakuja na atataka taarifa nyingine.

Mtu wa mbolea alikuja na mkokoteni wake kama kawaida. Nikamwambia manyoya haya sasa ni ya sayansi, akatafute ya bata. Akanitazama, akasema, "Sawa, bosi. Mie nilidhani sayansi inakula kwa kijiko, kumbe inakula kwa mkokoteni." Mdomo huo! Nikamfungia geti.

Nimepangisha banda la seremala hapo jirani, ndimo manyoya yanamolala sasa, makavu na yamefungwa magunia. Mzigo wako nimeutuma. Ili usile nafasi nimeyasaga kwa kinu changu cha chakula cha kuku, yametoka laini kama unga wa ngano. Magunia matatu yameingia katika moja.

Kwenye makala hiyo yenu majina yatakuwa ya nani na nani? Nauliza tu.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wifi amepona. Huku baridi inaondoka polepole.

Mzigo umefika, asante. Naomba unijibu haya. Kinu ulichosagia, nyundo zake ni za metali gani? Zina kutu? Manyoya uliyaoshea kwenye nini, plastiki au pipa la chuma? Mashine ya kunyonyoa imetengenezwa kwa nini? Na maji ni ya bomba au ya kisima?

Nitumie tena kidogo, kilo mbili zinatosha, lakini yasisagwe wala yasiguswe na chuma.

Makala ina jina la msimamizi na langu. Wewe utashukuriwa mwishoni.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Wifi yako amepona mafua akanipa mimi.

Barua yako ilikuwa nusu ukurasa, na nusu yenyewe maswali. Hata polisi huanza kwa kukupa kiti. Haya, majibu: nyundo za kinu ni chuma cha pua, hazina kutu, nazipaka mafuta mwenyewe. Kuoshea, beseni za plastiki. Mashine ya kunyonyoa vidole vyake ni mpira, pipa lake ni chuma. Maji, bomba.

Hukuniambia unaulizia nini, lakini mimi si mtoto. Umeandika kwamba kichocheo hakina metali, sasa umeona metali, na unatafuta imepitia mlango gani. Umeanza na mlango wangu. Sawa. Tumekaa mimi na wifi yako tukanyonyoa kuku thelathini kwa mikono kama watu wa zamani, tukayaosha manyoya kwenye beseni jipya, tukayafunga kwenye mfuko wa nguo. Wifi yako amesema akiona tena kuku mweupe mwaka huu atapiga yowe. Kinu nimekiuza kwa mwenye duka la chakula cha mifugo. Kama ndicho kinachoniharibia, sitaki kukitazama kila siku.

Kuhusu kushukuriwa mwishoni, nimezoea. Siku ya harusi aliyechota maji hatajwi.

Nijibu upesi.

Kaka yako


14 Juni

Profesa,

Huku wazima.

Sijapata jibu. Nimemtuma wifi yako posta hadi karani anamjua kwa sauti. Kwenye simu unasema "tutaongea, kaka", halafu unamuuliza mama habari za goti.

Banda la seremala limejaa hadi kwenye kenchi. Afisa anakuja mwisho wa Julai. Nina watu tisa wanaovaa buti kila asubuhi wakidhani najua ninachofanya. Sitaki maelezo ya kitaalamu. Manyoya yanafaa au hayafai? Andika neno moja.

Kaka yako


25 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama nimezungumza naye jana, kwa hiyo sitamaliza karatasi kwa salamu.

Hayafai.

Barua zako zote mbili ninazo, hazikupotea. Nilikuwa sijui niandike nini kabla sijawa na hakika. Sasa ninayo, na lazima nikueleze yote, hata kama umesema hutaki.

Mwezi Aprili kuna mtu aliyeipitia makala yetu kabla ya kuchapishwa akauliza swali moja: kwa nini kichocheo chenu kinazidi kuwa kizuri kinapotumika? Mimi nililiona jambo hilo kama baraka. Yeye aliliona kama moshi. Kitu kinachofanya kazi kwenye asidi huchakaa. Kikiwa bora kila siku, maana yake kuna kitu kinakijia kutoka mahali. Nikapima, nikakuta metali juu ya elektrodi. Nikafikiria kinu chako mara moja, nikakuandikia yale maswali. Samahani. Kipimo changu cha kwanza kilisema "metali" tu, hakikusema ipi, na mimi sikungoja kujua.

Manyoya yenu ya mkono yalipofika niliyachoma, nikayapima. Yakaimarika vilevile, sawasawa na ya kinu. Hapo nikaogopa. Nikachukua kipande cha kaboni tupu, hakina unyoya hata mmoja, hakina naitrojeni, nikakitumbukiza mahali palepale. Baada ya siku chache nacho kikawa hodari.

Kwenye chombo chetu cha kioo kuna mikono mitatu. Mmoja una elektrodi yenye unga wako. Wa pili ni wa kupimia. Wa tatu unafunga njia ya umeme, na humo sisi huweka waya wa platini. Msimamizi wangu aliununua enzi za ujana wake. Kila mwanafunzi anaupokea kwa aliyemtangulia, anausuuza na kuutumia, na hakuna anayeuliza kitu. Umeme ukipita muda mrefu kwenye asidi, waya huo unayeyuka kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Platini inaogelea hadi ng'ambo na kukaa juu ya unga wako. Yaani dalali tuliyemsifu si manyoya. Ni platini ileile tuliyosema tunaikimbia, imeingia kwa mlango wa uani, nasi tukaiandikia barua ya sifa.

Nimeutoa waya nikaweka fimbo ya kaboni mahali pake, nikaosha kila chombo, nikaanza upya. Unga wa manyoya sasa unadai milivolti mia tatu na ushee, siku ya kwanza na siku ya mwisho. Si bure kabisa, naitrojeni inasaidia kidogo, lakini hakuna mwenye kiwanda atakayeugusa. Kinu chako hakikuwa na kosa lolote. Samahani kwa kinu.

Msimamizi alisema tubadilishe kichwa cha makala, tuondoe maneno "bila metali", tuendelee. "Kila mtu anatumia waya huo," akasema. Nikamjibu, "Ndiyo maana lazima tuseme." Hatukuongea siku kadhaa. Mwisho ameniachia, makala tumeiondoa, na shahada yangu itachelewa mwaka mmoja. Samahani, najua ulikuwa umeshamwambia mama nitarudi lini.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili kwa afisa. Inafuta ile ya kwanza. Msimamizi ametia sahihi, safari hii juu yangu. Sitaituma mwenyewe. Ya kwanza niliiandika nikiwa huku, mbali na lundo lenyewe, na wewe ndiye uliyesimama mbele ya afisa ukaieleza. Ukiiweka kabatini, hakuna atakayejua. Yeye hasomi majarida yetu. Machinjio ni yako, na watu tisa ni wako.

Samahani, kaka.

Mdogo wako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama anatembea hadi dukani na kurudi, anasema ni dawa, mimi nasema ni umbea. Nimemwambia safari yako imesogezwa mwaka. Akasema basi atapata muda wa kumaliza shuka alizoahidi kukushonea.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikasirika. Sitakuficha. Nilimpigia kelele wifi yako ambaye hajawahi kuiona platini isipokuwa kwenye picha. Nilikwenda hadi duka la chakula cha mifugo kutazama kinu changu. Kinasaga mahindi, kinaimba. Mwenye duka akasema, "Umekuja kukinunua tena?" Nikamwambia nimekuja kukisalimu.

Barua ya afisa niliiweka kabatini, chini ya hati za jengo. Sikupanga kuitoa. Nakuambia ukweli kwa kuwa na wewe umeniambia. Nilisema nina watu tisa, na serikali ina karatasi moja inayosema "malighafi", na hakuna aliyekufa.

Afisa alikuja tarehe thelathini. Safari hii na wenzake wawili, wamevaa vizuri. Wakaingia bandani, wakashika magunia, wakapiga picha. Afisa akanishika bega, mtu huyu ambaye mwaka huu amecheka mara moja, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye niliyewaambia." Kumbe ana mpango. Mji huu una machinjio kumi na manne, ukihesabu na yangu. Kuanzia Septemba wenye machinjio wengine wote wataagizwa walete manyoya yao kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye njia inayotambulika. Atakayekataa, anafungiwa.

Wenzake wakawa wananipongeza. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Machinjio kumi na manne, chukua wastani wa kilo mia kila moja, ni tani moja na kilo mia nne kwa siku. Banda la seremala hata likiwa tupu halimezi tani kumi. Ndani ya wiki ya kwanza manyoya yatatoka mlangoni. Wiki ya pili yatakuwa barabarani. Na wote kumi na watatu watakuwa wamefunga njia zao za zamani, kama nilivyoifunga yangu, kwa sababu ya karatasi yako na mdomo wangu. Uongo wa mtu mmoja ningeweza kuulisha. Wa watu kumi na wanne, hapana. Sina banda la ukubwa huo.

Nikasema, "Mkubwa, ngoja kidogo." Nikaenda kabatini.

Akaisoma bandani palepale, wenzake wakichungulia begani. Akaniuliza nimeipata lini. Nikamwambia Julai, katikati. "Na ulikuwa unangoja nini?" Nikamwambia nilikuwa nangoja niache kuwa mwoga. Mmoja wa wale wawili akakohoa. Afisa akakunja barua, akaitia mfukoni, akasema kwa miaka yote ya kazi yake ameletewa karatasi nyingi za watu kujitetea, hii ndiyo ya kwanza ya mtu kujishtaki. Halafu akafuta "malighafi", akaandika "taka". Usidhani alinihurumia. Alinipa hadi mwisho wa mwezi huu.

Nikamfuata mtu wa mbolea kwake. Aliniacha nje ya geti muda wa kutosha kunikumbusha geti langu. Nilipoingia hakusema neno la kejeli, na hilo liliniuma zaidi. Nikamwambia ajisajili, fomu nitajaza mimi, foleni nitasimama mimi. Amekubali, kwa sharti jina liwe lake peke yake na langu lisionekane popote. Nikamwambia asijali, kutoonekana popote nina uzoefu nako. Ofisi imempokea, lakini kwa masufuria aliyonayo wamemruhusu apike nusu ya manyoya yangu, si zaidi.

Kwa hiyo tunachinja siku tatu kwa wiki. Watu wanne nimewaaga. Mmoja ni yule mwembamba wa kuchovya kuku kwenye maji moto, aliyekuwa nami tangu enzi za beseni. Hakuuliza kwa nini. Ningependa angeuliza, maana jibu ninalo na ni la kueleweka. Machinjio yako wazi.

Wale wenye machinjio kumi na matatu hawajui kilichotaka kuwapata, na mmoja wao amenicheka sokoni kwamba kaka wa profesa amerudi kwenye mbolea. Nikamwambia ndiyo.

Endelea na hiyo fimbo ya kaboni. Ukihitaji manyoya mengine utaletewa, yaliyosagwa au mazima, utakavyo, lakini wifi yako hanyonyoi tena.

Umeandika samahani mara nne. Ya kinu nimeipokea. Zile tatu nakurudishia, zitakufaa kwa msimamizi wako, maana wewe na yeye mnakaa jengo moja na mwaka ni mrefu.

Kaka yako